Doha, na Siku Kumi na Tano za Kungoja



Ijumaa moja baada ya sala, mama mmoja wa jumuiya yetu alinisimamisha penye rafu ya viatu, akanieleza kwamba mwanawe aliyeko Mombasa amepata mkataba wa kazi Kuwait. Akaniuliza: "Nasikia huko siku hizi mtu hatoki ila kwa idhini ya mwajiri wake. Lakini akizuiwa, si atakwenda ubalozini wamtoe?" Nilimjibu kwamba jambo hilo lina maelezo marefu, tukaagana. Njiani nikaona haya. Maelezo hayo ninayo, tena niliyapata kwa gharama kubwa, na sikuwahi kumpa mtu yeyote nje ya nyumba yangu. Leo nayaandika, kwa ajili yake na kwa ajili ya kila mwenye kijana, binti au ndugu katika nchi za Ghuba.

Nilikwenda Doha, mji mkuu wa Qatar, mwezi wa Februari mwaka 2013. Sikwenda kutembea. Dada yangu, aliyekuwa akikaa Mji wa Kale wa Mombasa, alikuwa mgonjwa wa figo, na madaktari walikuwa wameanza kuzungumza nasi kwa sauti ya chini. Mwanawe wa pekee alikuwa mwaka wake wa tatu Doha, mtunza ghala katika kampuni moja ya vifaa vya ujenzi. Tangu Oktoba alikuwa akimwambia mama yake, "Nakuja wiki ijayo." Wiki ijayo ikawa mwezi ujao, na mwezi ujao ukawa mwaka mpya. Siku moja nikamkaripia kwa simu kutoka London, nikamwambia kuwa hana haya kumdanganya mgonjwa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mjomba, sina khuruji."

Khuruji, kwa wasiojua, ni ruhusa ya kutoka nchini. Kwa sheria ya Qatar ya wakati ule, yaani Sheria namba 4 ya mwaka 2009, mgeni aliyeajiriwa hakuweza kupanda ndege bila ya karatasi hiyo, na aliyeitoa alikuwa kafili wake, yaani mwajiri. Haikuwa lazima mtu awe ameiba au ana deni. Kafili akiwa amekasirika, au yuko safarini, au hapokei simu tu, mgeni hukaa. Kwa mpwa wangu, kampuni ilidai kuwa kuna mali iliyopungua ghalani, na kwamba hatatoka mpaka hesabu ikaguliwe. Hesabu yenyewe hakuna aliyekuwa akiikagua. Polisi hawakuwa wameambiwa lolote. Mishahara yake ya miezi 3 nayo ilikuwa imesimama.

Nilifika usiku. Viza yangu, kwa kuwa nina pasipoti ya Kiingereza, nilipewa pale pale uwanjani kwa muda mfupi kuliko ule wa kungojea begi. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Miji hii hukupokea vizuri sana. Asubuhi yake nilitembea kando ya bahari, ile njia ndefu waiitayo Korniche inayoizunguka ghuba kwa umbo la hilali, na nitasema kweli kwamba ni mahali pazuri. Maji yametulia kama ya Mto Tudor alfajiri. Ng'ambo yake yamesimama majengo marefu ya vioo. Upande wa huku, juu ya kisiwa kilichojazwa na watu, lipo Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kiislamu lililochorwa na I. M. Pei na kufunguliwa mwaka 2008, jeupe, lenye kona kali, kama kwamba limekatwa kwa kisu. Baina ya huku na huko yameegeshwa majahazi. Mtu wa pwani akiyaona majahazi hupoa moyo, hata akiwa na huzuni yake.

Mpwa wangu hakuwa akikaa huko. Alikuwa akikaa eneo la viwanda, ambalo wafanyakazi wote huliita Sanaiya, mbali na bahari, mahali ambapo mitaa haina majina bali namba. Chumba chake kilikuwa na vitanda vya ghorofa, watu 8, Wanepali na Wahindi na yeye peke yake Mswahili. Walinikaribisha kwa chai ya maziwa. Mmoja wao, Mnepali wa makamo, aliponiona nimevaa suti alidhani mimi ndiye balozi, akasimama. Nilipomwambia kuwa mimi ni mjomba tu, aliketi, na nikaona usoni mwake kwamba nimempunguzia tumaini.

Nilimuuliza mpwa wangu kwa nini hakwenda ubalozini tangu Oktoba. Alitoa sababu tatu. Ya kwanza, aliambiwa na wenzake kwamba balozi zetu zinawashughulikia wakubwa wanaokuja kufanya biashara, na kwamba mtu wa Sanaiya atarudishwa mlangoni. Ya pili, aliogopa kampuni ikisikia ingempeleka polisi kwa jina la mtoro. Ya tatu hakuisema upesi. Aliona aibu kusimama mbele ya mtu wa nchi yake na kukiri kwamba yeye, aliyeagwa kwa dua na maulidi, ameshindwa kurudi kwao. Nadhani hii ya tatu ndiyo iliyomzuia zaidi kuliko kafili.

Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya wiki huko, tulikwenda. Balozi nyingi za Doha ziko kaskazini mwa ghuba, katika mitaa ya Dafna na Onaiza, nyumba kubwa zenye kuta ndefu na bendera juu. Ndani tuliwakuta mabinti wanne wameketi kwenye viti vya plastiki, kila mmoja na mfuko wake miguuni, wote watumishi wa majumbani waliotoka kwa waajiri wao. Mmoja alikuwa bado amevaa kandambili za jikoni. Tulingoja saa nzima na hatukulalamika, maana waliokuwa mbele yetu walikuwa na haki zaidi.

Afisa aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye miwani, na mezani pake mlikuwa na mafaili mengi kuliko nafasi. Baada ya salamu hakuuliza jina wala pasipoti. Aliuliza hivi: "Kijana wangu, umezuiwa kwa kesi au kwa karatasi?"

Mpwa wangu hakuelewa. Akamfafanulia. Mtu anaweza kuzuiwa kutoka kwa sababu mahakama au polisi wameandika jina lake: ana kesi, ana deni lililofikishwa kwa hakimu, ana hundi iliyorudi benki. Huyo amezuiwa kwa kesi, na hakuna ubalozi duniani utakaomtoa. Atatoka kesi ikiisha. Au anaweza kuzuiwa kwa sababu tu mwajiri hakutia saini. Huyo amezuiwa kwa karatasi, na karatasi ina njia zake. "Watu wengi hapa hawajui ni lipi kati ya hayo mawili limewapata," alisema, "nao hulia kilio kimoja."

Tulipomwambia kwamba hakuna kesi, aliandika. Akauliza: "Na tangu lini?"

"Tangu Oktoba, mama."

Aliweka kalamu chini. Hakumkemea. Alimtazama tu, kisha akaishika tena.

Mimi nilikuwa nimekuja na maneno yangu. Nilikuwa nimesoma kwamba Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 13, linampa kila mtu haki ya kutoka katika nchi yoyote, hata iliyo yake, na kurejea kwake. Nikamwambia. Akakubali kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu aliyeyasikia maneno hayo juzi na jana. "Mzee wangu," akasema, "ubalozi hauna mahakama hapa, wala askari, wala ufunguo wa uwanja wa ndege. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unaniruhusu kumwona raia wangu, kuzungumza naye, kumwandikia, kumtafutia wakili. Mkataba huo huo unaniamuru niheshimu sheria za nchi hii na nisiingilie mambo yake. Sisi hapa ni wageni kama huyu kijana. Tofauti ni kwamba sisi ni wageni wenye bendera."

Nikauliza juu ya pasipoti, kwani kampuni ilikuwa imeishika tangu siku aliyowasili. Alisema kuishika ni kosa kwa sheria ile ile ya 2009: kafili anapaswa kuirejesha mara tu kibali cha ukaazi kikishatoka. Akasema vilevile kwamba angeweza kumwandikia hati ya dharura ya kusafiria siku ile ile. "Lakini itamfikisha kwenye dirisha la uhamiaji tu. Askari ataangalia kompyuta yake, hataona khuruji, na kijana atarudi Sanaiya na begi lake." Ndugu msomaji, hapo ndipo wengi wetu hukosea. Tunadhani ubalozi ukishatoa pasipoti umeshafungua mlango. Pasipoti ni ya kwetu, mlango ni wa wenyewe.

Hebu nieleze aliyoyafanya, maana hayakuwa madogo. Aliliandikisha jina la mpwa wangu katika daftari, na namba ya simu yangu na ya nyumbani Mombasa. Aliandika barua ya Kiarabu kwa kampuni, yenye muhuri, inayouliza mambo mawili: pasipoti iko wapi, na je, kuna kesi yoyote iliyofunguliwa. Alimpigia simu mandubu wa kampuni, yule mtu anayeshughulikia makaratasi ya serikali, akazungumza naye kwa Kiarabu laini, na nikamsikia akitaja mara mbili neno "umm", mama. Akamwonya mpwa wangu asiache kwenda kazini hata siku moja. Akiacha, kampuni itamtangaza mtoro, na hapo karatasi itakuwa kesi. Kisha akatoa nakala ya sheria na kutuonyesha kifungu cha 18.

Kifungu hicho watu wa Sanaiya hawakukijua, wala mimi na vitabu vyangu. Kilisema kwamba kafili akikataa kutoa ruhusa, au akifa, au akiwa hayupo, mgeni ana njia mbili. Amtafute raia wa Qatar atakayekubali kuwa dhamana yake ya kutoka. Au atangaze katika magazeti mawili ya kila siku kwamba anakusudia kuondoka, angoje siku 15, kisha mahakama imwandikie cheti kuwa hana hukumu inayomkabili. Akiwa na cheti hicho, khuruji ya kafili haihitajiki.

Tulijaribu kwanza njia ya dhamana, kwa kuwa dada yangu hakuwa na siku 15 za kuchezea. Rafiki mmoja wa Lamu alitupeleka Souq Waqif kwa mzee mmoja wa Kiqatari aliyekuwa na duka dogo la kamba na nyavu. Souq hiyo ilijengwa upya kwa mtindo wa zamani, na katika kuta zake utaona ncha za boriti zimechomoza. Mzee alinionyesha kwa fimbo yake. "Mikoko," akasema kwa Kiswahili. Alikuwa amefika Lamu na Mombasa akiwa kijana, katika jahazi la Wakuwaiti, wakaja na tende na kurudi na boriti. Nyumba za zamani za Ghuba, ambako miti haioti, ziliezekwa kwa boriti za kwetu, na ndizo zilizopima upana wa vyumba vyao, maana chumba hakikuweza kuzidi urefu wa boriti. Alikumbuka maneno mengi ya bandarini, mengine si ya kuandikwa hapa. Tulikunywa kahawa vikombe vitatu vitatu.

Tulipomweleza haja yetu alisikitika sana. Hakusema hapana. Alisema atawauliza wanawe. Jioni mwana mmoja alitupigia simu, akazungumza kwa heshima: anayemdhamini mtu kutoka hubeba madeni yake yote yatakayojitokeza baadaye, na baba ni mtu mzima. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe ningemdhamini kijana nisiyemjua kwa sababu ya boriti?

Basi tukatangaza. Gazeti moja la Kiarabu, moja la Kiingereza. Lilikuwa tangazo dogo kuliko kiberiti: jina la mpwa wangu, uraia wake, namba ya pasipoti, na kwamba anakusudia kuondoka nchini, hivyo mwenye dai lolote juu yake ajitokeze. Nililisoma nikiwa nimesimama barabarani, na nikakumbuka jinsi wazee wetu walivyokuwa wakifanya kabla ya kwenda Hija. Mtu alizunguka mtaa mzima, nyumba kwa nyumba, akisema: kama una deni langu nidai, kama nimekukosea nisamehe, sijui kama nitarudi. Hiki kilikuwa kitu kile kile kwa wino wa gazeti. Isipokuwa mpwa wangu hakuwa akienda popote isipokuwa kwa mama yake.

Barua ya ubalozi ilizaa matunda siku ya tatu: pasipoti ilirudishwa. Siku ya tano mandubu alimwita mpwa wangu ofisini. Alikuwa mchangamfu. Alisema khuruji itatoka kesho yake, bila ya kungoja mahakama, kwa sharti dogo: atie saini karatasi kwamba amepokea mishahara yake yote pamoja na kiinua mgongo, ambacho kwa sheria yao ya kazi hakipungui mshahara wa wiki 3 kwa kila mwaka, na kwamba haidai kampuni kitu.

Tulirudi ubalozini na karatasi ile. Afisa aliisoma mara mbili. "Siwezi kukuambia utie wala usitie," alisema. "Naweza kukuambia tu maana yake. Ukitia, unaondoka kesho na hutadai tena." Mimi nilikuwa nimeshaamua. Nilimwambia mpwa wangu atie saini, nami nitamlipa kiasi hicho mfukoni mwangu. Fedha ni vumbi, nilimwambia. Akasema kwanza atampigia mama yake.

Nilikuwepo, na simu ilikuwa imefunguliwa sauti. Dada yangu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti nyembamba aliyokuwa nayo siku zile: "Umelipwa, mwanangu?"

"Sijalipwa, mama."

"Basi utaandikaje kuwa umelipwa?"

Alinyamaza, akapumua, akaendelea: "Ngoja siku zako. Mimi nipo."

Nakiri mbele yenu kwamba nilikasirika. Niliona kwamba dada yangu anatafuta ucha Mungu mahali ambapo palihitajika tiketi. Niligombana naye kwa simu usiku ule, na hilo ni jambo ninalolijutia, kwa kuwa halikumbadilisha yeye wala mwanawe. Mpwa wangu hakutia saini.

Siku ya saba niliondoka kwenda Mombasa. Mmoja wetu alikuwa lazima afike. Mpwa wangu alinisindikiza hadi uwanjani, akanikabidhi khanga mbili na chupa ya Zamzam za mama yake, tukaagana mahali wasiposafiri wanapolazimika kukomea. Dirishani askari aligonga muhuri wangu bila ya kuinua macho. Nilipogeuka nilimwona bado amesimama nyuma ya watu, anaangalia jinsi inavyofanyika.

Nilimkuta dada yangu nyumbani. Hakutaka kurudi hospitali. Kila asubuhi baada ya sala aliniuliza swali moja: "Amefika siku ya ngapi?" Ya nane. Ya tisa. Ya kumi. Hakuulizia kampuni wala ubalozi. Siku ya kumi na mbili jioni hakuuliza. Siku ya kumi na tatu, kabla ya alfajiri, Mwenyezi Mungu alimchukua. Tulimzika siku ile ile baada ya adhuhuri, Kikowani. Simu nilikuwa nimeiweka ndani ya mfuko wa kanzu ikiwa wazi, na upande wa pili mwanawe, akiwa ghalani Sanaiya kwa kuwa hakuruhusiwa kukosa kazi, alisikiliza talkini ya mama yake mpaka fungu la mwisho la mchanga.

Siku 15 zilipotimia hakuna mtu aliyejitokeza. Kampuni iliyodai mali kupungua haikupeleka mahakamani hata karatasi moja. Cheti kilitoka, na siku ya kumi na nane nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege wa Mombasa. Alikuwa na begi moja. Kabla ya kuondoka alikuwa ametoa wakala kwa mwenzake, kwa muhuri wa ubalozi, ili adai haki zake katika idara ya kazi. Mwezi wa Agosti alilipwa mishahara ya miezi 2. Wa tatu na kiinua mgongo havikupatikana.

Mtu anaweza kuuliza nani alikuwa na haki, mimi au marehemu. Nimejiuliza miaka mingi, na bado siku nyingine nasema ningetia saini. Lakini kuna hesabu moja isiyohitaji mjadala. Laiti angelikwenda ubalozini wiki ile ya kwanza ya Oktoba, siku 15 zingemalizika kabla ya Novemba, na Novemba dada yangu alikuwa bado anakwenda Marikiti kwa miguu yake.

Wala wasidhani wenye pasipoti nzito kwamba wao wamesalimika. Mwaka ule ule wa 2013 katika mji ule ule alikuwa amekwama mchezaji mpira wa Kifaransa, Zahir Belounis, aliyekuwa na mgogoro wa mishahara na klabu yake. Rais wa Ufaransa, François Hollande, alipozuru Doha mwezi wa Juni alionana naye. Hata hivyo Belounis hakutoka mpaka mwishoni mwa Novemba.

Sheria ile ya Qatar imebadilika. Tangu Oktoba 2018, kwa Sheria namba 13 ya mwaka huo, wafanyakazi wengi hawahitaji khuruji, na Januari 2020 watumishi wa majumbani nao waliingizwa, kwa sharti la kumwarifu mwajiri saa 72 kabla. Saudia ililegeza mwezi wa Machi 2021, lakini si kwa watumishi wa nyumbani wala madereva wa nyumbani, ambao ndio wengi wa mabinti na vijana wetu. Kuwait imekwenda upande mwingine: tangu tarehe 1 Julai 2025 mgeni aliyeajiriwa na kampuni binafsi anahitaji idhini ya mwajiri ili atoke. Kwa hiyo mama yule wa penye viatu alisikia sawasawa.

Na kuna lingine linalotuhusu sisi tulioko Uingereza hasa. Watoto wetu wengine wana uraia wa nchi mbili. Anayeingia katika nchi ya baba yake, akiwa raia wa huko, asitarajie ubalozi wa Uingereza kumsimamia kama mgeni. Nchi ile itamhesabu kuwa ni wake, na kanuni hii ni ya zamani, imeandikwa katika Mkataba wa The Hague wa mwaka 1930. Nimeona familia iliyokwama kwa jambo hili wakati wa likizo, baba na mama wamegombana, na jina la mtoto limeshaandikwa uhamiaji. Hiyo nayo ni kesi, si karatasi.

Kwa mwana wa mama yule ningependa aondoke Mombasa na nakala za mkataba na pasipoti, moja akiiacha kwa mama yake. Na wiki yake ya kwanza Kuwait aende ubalozini kujiandikisha, akiwa hana shida yoyote, amevaa vizuri, awasalimu na kunywa maji yao. Ni rahisi kurudi mahali ulipokwisha kufika.

Mpwa wangu sasa ana duka la vifaa vya umeme Mombasa, na watoto watatu. Lile gazeti la Kiingereza analo bado, limekunjwa ndani ya msahafu wa mama yake. Nimemwomba anitumie nakala ya tangazo, nayo ilifika Jumanne. Ijumaa hii, inshaallah, nitakuwa nayo mfukoni.